Faili la PostScript limegoma kufunguka au kuchapika? Anza na mstari wake wa kwanza

Asubuhi moja mwalimu mstaafu aliingia steshenari kwetu, flashi inaning'inia shingoni kwa uzi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Naomba unitolee tasnifu yangu, nakala mbili."

Ndani ya flashi mlikuwa na faili moja tu, tasnifu.ps, la mwaka 1997. Sisi tulikuwa duka la tatu. Duka la kwanza walimwambia faili limekufa. La pili walilisukuma moja kwa moja kwenye printa, ikamwaga karatasi thelathini na kitu zilizojaa alama za asilimia, mabano na namba, naye akazilipia. Iliniuma, kwa sababu faili lenyewe lilikuwa zima. Kurasa zake zote 214 zilikuwemo, na kuligeuza kuwa PDF kulichukua dakika chache.

Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayekaa nyuma ya kaunta, na kwa yeyote anayehangaika nyumbani na kompyuta yake. Mafaili ya .ps (PostScript) na .eps (PostScript ya mchoro mmoja) hayaji kila siku, lakini yakija huwa ni kitu ambacho mwenyewe hana nakala nyingine: tasnifu, ramani, nembo ya chama, makala ya kisayansi ya miaka ya 1990. Haifai kumrudisha mtu kwa neno "limeharibika" kabla hujalitazama.

Ujue kwanza umeshika nini

Faili la PostScript si picha ya ukurasa. Ni programu inayoeleza ukurasa uchorwe vipi. Lugha hiyo ilitoka Adobe, kampuni iliyoanzishwa na John Warnock na Charles Geschke mwaka 1982. Lugha ilitolewa mwaka 1984, na mwaka 1985 ikaingia ndani ya printa ya Apple LaserWriter. Faili dogo kabisa linaweza kuwa hivi:

```
%!PS-Adobe-3.0
/Times-Roman findfont 14 scalefont setfont
72 770 moveto
(Habari za leo) show
showpage
```

Soma taratibu utaelewa. Tafuta fonti ya Times, ikuze hadi pointi 14, nenda pointi 72 kutoka kushoto na 770 kutoka chini, andika "Habari za leo", kisha toa ukurasa. Pointi 72 ni inchi moja. Karatasi ya A4 ina upana wa pointi 595 na urefu wa pointi 842. Vipimo hivi viwili viweke kichwani, vitakurudia mara nyingi.

Kwa kuwa ni programu, lazima awepo wa kuisoma na kuitekeleza. Mimi humwita mkalimani. Mkalimani anaweza kuwa ndani ya printa yenyewe au ndani ya kompyuta. Basi shida yoyote utakayoletewa iko mahali pamoja kati ya matatu: kwenye faili, kwa mkalimani, au kwenye printa na karatasi yake. Namna ya kupatenga ni moja: ligeuze faili liwe PDF, ulitazame kwenye skrini. PDF ikitoka safi, faili ni zima na mkalimani wako ni mzima, kwa hiyo hamia kwenye printa. PDF ikitoka mbovu, usiiguse printa. Unapoteza karatasi na tona bure.

Ukibofya, kompyuta inauliza ifungue na nini

Hili ndilo la kila siku, na faili halina kosa. Windows haina kitu chake cha kufungulia .ps. Programu ya bure ya Adobe ya kusomea PDF haifungui .ps. Vivinjari vinafungua PDF lakini .ps vinaishia kuipakua tu. Wenye Mac walizoea Preview kuwafanyia kazi hiyo kimyakimya, lakini tangu macOS Ventura ya mwaka 2022 imeacha. Ndiyo maana unasikia mtu akisema, "mbona zamani lilikuwa linafunguka?" Anasema kweli.

Dawa ni Ghostscript, mkalimani wa bure aliyeandikwa na L. Peter Deutsch na kutolewa mwaka 1988, na ambaye leo anatunzwa na kampuni ya Artifex. Ukishaisakinisha kwenye Windows, fungua dirisha la amri, lile jeusi linalokuja ukiandika cmd, ingia kwenye folda yenye faili, kisha andika:

```
gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -o tasnifu.pdf tasnifu.ps
```

Kwenye Linux ni fupi zaidi:

```
ps2pdf tasnifu.ps
```

Windows ikikujibu kwamba haiitambui gswin64c, usidhani programu haikuingia. Haijui tu iko wapi. Mpe njia yote, ndani ya alama za kunukuu kwa sababu jina la folda lina nafasi, na namba ya toleo iwe ile iliyo kwenye kompyuta yako:

```
"C:\Program Files\gs\gs10.04.0\bin\gswin64c.exe" -sDEVICE=pdfwrite -o tasnifu.pdf tasnifu.ps
```

Asiyependa kuandika amri aweke SumatraPDF, programu ya bure ya kusomea PDF kwenye Windows. Ikiikuta Ghostscript kwenye kompyuta, inafungua .ps kama inavyofungua PDF. Kwenye Linux, Okular inatosha. Hata hivyo mimi hubaki na amri, kwa sababu mambo yakiharibika dirisha jeusi linaniambia yameharibikia wapi. Programu ya kutazamia mara nyingi hukupa ukurasa mweupe tu.

Soma mstari wa kwanza

Kama kugeuza kumekataa, fungua faili kwa Notepad uone linavyoanza. Tazama tu, usihifadhi. Mafaili mengine yana data ya picha katikati, na Notepad ikihifadhi inaweza kuivuruga. Faili likiwa kubwa mno, kwenye dirisha la amri andika `more tasnifu.ps`, ukishaona bonyeza q. Kwenye Linux ni `head -5 tasnifu.ps`.

Likianza na `%!PS`, uko salama, endelea mbele. Likianza na `%PDF-`, ni PDF iliyopewa jina lisilo lake. Badilisha mwisho wa jina uwe .pdf na kazi imekwisha. Likianza na `<!DOCTYPE html`, hicho si kitabu wala makala, ni ukurasa wa tovuti. Hili huwapata sana wanafunzi wanaopakua kutoka maktaba za vyuo: muda wao wa kuingia umekwisha, tovuti inawapa ukurasa wa nywila, kompyuta inauhifadhi kwa jina la makala. Hakuna cha kutengeneza hapo, mwambie aingie upya na apakue tena.

Ukikuta `@PJL` karibu na mwanzo, faili lilizaliwa kwa mtu kuchagua "chapisha kwenye faili" katika programu fulani. Sogea mistari michache utafute `ENTER LANGUAGE`. Ikifuatiwa na POSTSCRIPT, sawa, PostScript yenyewe inaanzia hapo chini. Ikifuatiwa na PCL au PCLXL, faili si PostScript hata kama jina linasema .ps. Liliandikwa kwa lugha ya printa nyingine kabisa, na njia fupi ni kurudi kwenye waraka wa asili.

Herufi ngeni nne mwanzoni, `ÅÐÓÆ`, zisikutishe. Hiyo ni EPS yenye kijipicha cha onyesho cha Windows ndani yake, na Ghostscript inaijua. Na kama mwanzo hausomeki kabisa huku jina likiishia na .gz, faili limebanwa. Lifungue kwanza kwa 7-Zip.

Faili la mwalimu lilianza hivi:

```
%!PS-Adobe-2.0
%%Creator: dvipsk 5.66a
%%Title: tasnifu.dvi
%%Pages: 214
%%BoundingBox: 0 0 612 792
```

Mistari mitano, na karibu kila kitu nilichohitaji kimo. Limetengenezwa na dvips, maana yake tasnifu iliandikwa kwa TeX, programu ya kupangia maandishi ya kitaaluma. Lina kurasa 214. Na ukubwa wake ni 612 kwa 792, ambayo si A4. Ni Letter, karatasi ya Marekani. Nikamuuliza, "Mwalimu, ulisomea Marekani?" Akacheka, "Umejuaje?" Nikamgeuzia skrini, nikamwonyesha zile namba.

Linafunguka nusu, kisha linakufa

Nenda mwisho wa faili. Faili lililokamilika kwa kawaida huishia na `%%EOF`, au angalau utaona `showpage` au amri ya kufunga kazi karibu na mwisho. Likikatika katikati ya sentensi au katikati ya rundo la herufi, limepunguka njiani. Ama intaneti ilikatika wakati wa kupakua, ama flashi ilichomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Linganisha ukubwa wake na la asili. Hakuna amri ya kurudisha kilichopotea, ila kurasa zilizotangulia kukatika mara nyingi bado zinapatikana. Geuza hivyohivyo, Ghostscript italalamika, kisha tazama PDF imefika ukurasa wa ngapi. Nimewahi kumwokolea mtu sura tatu za kitabu kwa njia hiyo.

Lakini kama mwisho upo na bado linakufa, soma neno linalofuata `Error:` kwenye dirisha.

`undefined` ina maana mkalimani amekutana na neno asilolijua. Mara nyingi ni amri ya printa maalumu iliyoachwa ndani ya faili, au ni takataka iliyoingia wakati wa kusafirishwa. Neno lenyewe huandikwa palepale. Ukiliona ni herufi zisizo na maana, faili limevurugika. Ukiliona linafanana na jina la kazi fulani, faili limekosa kipande cha maelezo kilichopaswa kutangulia. Hutokea mtu akichomoa ukurasa mmoja kutoka faili kubwa na kuacha utangulizi wake.

`undefinedfilename` au `invalidfileaccess` ina maana faili linataka kusoma faili jingine, kwa mfano picha iliyowekwa pembeni. Hapa niseme jambo kwa uzito. PostScript ni programu kamili, na programu inaweza kuandikwa isome au ifute mafaili yako. Tangu toleo la 9.50 la mwaka 2019, Ghostscript hujifunga yenyewe isiguse mafaili mengine. Utakuta watu wakishauriana kuweka `-dNOSAFER` ili kosa liondoke. Usifanye hivyo kwa faili la mteja usilojua limetoka wapi, maana kompyuta yako ina kazi za watu wengine. Ruhusu faili lile moja linalohitajika, basi:

```
gswin64c --permit-file-read=nembo.eps -sDEVICE=pdfwrite -o kazi.pdf kazi.ps
```

`VMerror` na `limitcheck` ni mambo ya memori na mipaka ya mkalimani. Kwenye kompyuta ya leo huyaoni sana. Kwenye printa utayaona, nitayafikia.

Programu ya kutazamia inakwenda mbele tu, hairudi nyuma

Ile mistari inayoanza na `%%` humwambia mtazamaji kila ukurasa unaanzia wapi. Faili lisipokuwa nayo, mtazamaji hana namna ya kurudi ukurasa wa 10 bila kuanza upya. Geuza liwe PDF, shida inaisha.

Herufi zimebadilika, au ng'ombe amekuwa "ngombe"

Fonti zikikosekana ndani ya faili, mkalimani hutafuta ya kufanana nayo. Kwenye dirisha utaona maneno `Substituting font`. Times, Helvetica na Courier hazina shida kwa sababu Ghostscript huja na mbadala zake zenye upana uleule. Shida ni fonti za kununua: herufi zinapanuka, mistari inagongana, majedwali yanatoka nje ya mipaka. Dawa ya kweli iko kwa aliyetengeneza faili. Alitoe upya akiwa amezifungasha fonti ndani. Kama hapatikani, tafuta fonti hiyo, iweke kwenye folda, na umwonyeshe mkalimani kwa `-sFONTPATH=`.

Kuna tatizo moja linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili kuliko wengine, na sijaona likielezwa vya kutosha. Ni ile alama ya juu katika ng'ombe, ng'ambo, king'ora. Neno limeandikwa vizuri kwenye Word, lakini karatasini linatoka "ngombe", au "ng´ombe", au "ngâombe". Kila umbo linakuambia kosa limetokea wapi.

Word hupenda kuipinda alama hiyo. Katika mpangilio wa zamani wa herufi wa Windows, alama iliyopinda ni namba 146. Mpangilio wa kawaida wa PostScript hauna chochote kwenye namba 146, kwa hiyo alama inatoweka na unabaki na "ngombe". Kwenye mpangilio wa PostScript unaofuata Latin-1 (mpangilio wa herufi za Ulaya Magharibi), namba 146 ni ile alama ya mkazo inayoegemea kulia, ndiyo maana unapata "ng´ombe". Na kama maandishi yamehifadhiwa kwa UTF-8, mpangilio wa herufi wa siku hizi, alama hiyo moja inakuwa baiti tatu, na ya kwanza kati yake ndiyo inayosomeka kama â. Programu za zamani za kugeuza maandishi matupu kuwa PostScript, kama a2ps na enscript, hazijui UTF-8, na "ngâombe" mara nyingi wanatoka huko.

Kwa waraka wa kurasa chache, rudi kwenye asili, tafuta alama zote zilizopinda na uzibadilishe ziwe iliyonyooka, ile ya namba 39, kisha utoe upya. Kwa waraka mkubwa ni afadhali kuacha PostScript kabisa na kutoa PDF moja kwa moja kutoka Word au LibreOffice. Usikubali kumkabidhi mtu kitabu cha shule chenye "ngombe" eti kwa sababu ataelewa tu. Mtoto anayejifunza kusoma hatajua kwamba pana sauti iliyopotea.

Kwenye skrini maandishi yana ukungu, kwenye karatasi ni safi

Hili lilikuwa kwenye tasnifu ya mwalimu, na ni la kawaida kwa mafaili ya dvips ya miaka ile. Fonti ziliwekwa kama nukta, kwa mfano nukta 300 kwa inchi, si kama maumbo. Ukikuza skrini, unakuza nukta. Kwenye karatasi macho hayazioni. Ukiwa na faili la .dvi, lile ambalo dvips ililigeuza kuwa .ps, pamoja na TeX, endesha `dvips -Ppdf` upate fonti za maumbo. Usipokuwa nalo, chapa tu, itatoka vizuri.

Ila kama kilichofifia ni picha na si maandishi, jiulize uligeuza kwa mpangilio gani. Wengi wameshika `-dPDFSETTINGS=/screen` ili faili liwe dogo la kutuma kwa WhatsApp. Mpangilio huo hushusha picha hadi nukta 72 kwa inchi. Kwa kuchapa tumia `/printer`, unaolenga nukta 300.

Taa inawaka, karatasi imejaa, printa haitoi kitu

Umetuma kazi. Trei imejaa A4. Printa inapepesa taa kana kwamba haina karatasi. Unatoa trei, unarudisha, unazima, unawasha. Kazi inarudi palepale. Kabla ya kumwita fundi, tazama ukubwa wa karatasi ulioandikwa ndani ya faili.

Kompyuta nyingi huku kwetu zimewekwa Windows kwa mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, na mpangilio huo huchukulia karatasi ni Letter: milimita 216 kwa 279. A4 ni 210 kwa 297. Printa imeambiwa isubiri Letter, na Letter hakuna dukani kote, basi inasubiri. Baadhi ya HP LaserJet za zamani huandika `PC LOAD LETTER`, ambapo PC ni kaseti ya karatasi: inakuomba uijaze Letter. Kubonyeza kitufe cha kuendelea kutaitoa kazi hiyo moja, lakini kesho utalia tena. Badilisha sehemu tatu: mpangilio wa printa ndani ya Windows, mpangilio wa trei kwenye printa yenyewe, na waraka. Ukiacha mmoja, tatizo litarudi kupitia huo.

Kwa faili lililokwisha kutengenezwa kwa Letter, kama la mwalimu, amri ni hii:

```
gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=a4 -dFIXEDMEDIA -dFitPage -o tasnifu-a4.pdf tasnifu.ps
```

`-sPAPERSIZE=a4` pamoja na `-dFIXEDMEDIA` vinasema karatasi ni A4 hata faili likidai nyingine. `-dFitPage` inapunguza ukurasa uingie, hapa hadi asilimia 97 hivi, kwa sababu Letter ni pana kuliko A4 kwa pointi 17. Kama faili halitaji ukubwa wa karatasi popote, `-dFitPage` haina cha kupimia na haitabadilisha kitu.

Hapa panahitaji busara. Tasnifu ikipungua kwa asilimia 3 hakuna atakayejua. Ramani yenye kipimio, mchoro wa fundi seremala au mchoro wa nyumba ukipungua asilimia 3 ni hasara: ukuta wa mita 4 ukiupima kwa rula unakuwa mita 3 na sentimita 88. Kwa kazi za namna hiyo ondoa `-dFitPage`, na wakati wa kuchapa PDF chagua ukubwa halisi, usichague kutosheza karatasi. Kisha weka rula juu ya karatasi iliyotoka kabla ya kumpa mwenyewe.

Kinyume chake pia hutokea: waraka wa A4 umepitia kompyuta ya Letter na mstari wa mwisho, au namba za kurasa, zimekatwa. Letter ni fupi kwa pointi 50, karibu milimita 18, na mara nyingi pindo la chini ndilo linaloumia. Dawa ni ileile.

EPS ikitoka ndogo pembeni mwa ukurasa mtupu, tumia `-dEPSCrop` ili ukurasa ukatwe kufuata mchoro. Na kurasa zenye majedwali zikijigeuza upande bila kuombwa, ongeza `-dAutoRotatePages=/None`. Ghostscript hutazama maandishi mengi yamelala upande gani na kuugeuza ukurasa kufuata hayo.

Printa inamwaga alama badala ya ukurasa

Hili ndilo lililomgharimu mwalimu. Printa imepewa programu, lakini haina mkalimani ndani yake, basi imeiandika kama barua. Printa nyingi ndogo za bei nafuu hutegemea draiva ya kompyuta ifanye kazi yote. Ili kujua yako ikoje, chapa ukurasa wake wa taarifa kutoka kwenye menyu ya printa na utafute neno PostScript au PS. Kyocera huita ya kwao KPDL, Brother huita BR-Script, zote zinaelewa PostScript. Usipokuta hata moja, usiipelekee faili la .ps moja kwa moja. Geuza liwe PDF, uchape PDF kupitia draiva ya kawaida.

Mimi nafanya hivyo hata kwenye printa yenye mkalimani. Dakika moja ya kutazama PDF imeniokolea rimu nyingi.

Kuna printa zenye mkalimani zinazomwaga alama pia, na kwa kawaida ni kwa sababu ya kitu kilichotangulia `%!`, hata kama ni herufi moja isiyoonekana. Draiva za zamani za Windows zilikuwa zinaweka alama ya Ctrl-D mwanzoni.

Ukurasa mmoja unagoma, mingine inatoka

Ukurasa huo una picha kubwa au mchoro mzito. Piga hesabu. A4 kwa nukta 600 kwa inchi ni nukta 4960 kwa 7016, karibu milioni 35. Kwa nyeusi na nyeupe tupu hiyo ni megabaiti 4 na zaidi kidogo. Kwa rangi nne ni kama megabaiti 139. Printa yenye memori ndogo inakata tamaa, inatoa karatasi yenye `VMerror` au `limitcheck`, au inatoa nusu ya ukurasa. Shusha hadi nukta 300, au kwenye programu ya kusomea PDF chagua kuchapa kama picha, ili kompyuta ibebe mzigo badala ya printa.

Umeme umekatika katikati ya kazi

Umeme ukirudi, printa inawaka ikiwa imesahau kila kitu, lakini kompyuta inayotumia betri inaendelea kutuma ilipoachia. Printa inapokea katikati ya programu bila ule mwanzo wa `%!`, haitambui ni PostScript, inaanza kumwaga alama, karatasi baada ya karatasi. Vuta trei kwanza. Kisha futa kazi kwenye kompyuta, ndipo uzime printa, usubiri kidogo, uwashe. Ukianza na printa, kompyuta itaituma tena.

Kazi ikigoma kufutika kwenye foleni, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi:

```
net stop spooler
del /q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler
```

Hii inafuta kazi zote zilizo kwenye foleni, hata za wenzako mnaotumia kompyuta hiyo, kwa hiyo waambie kabla. Baadaye usitume kurasa zote 214 kwa mkupuo. Kwa mwalimu nilitoa kwanza ukurasa wa jina, ukurasa mmoja wenye jedwali, na mmoja wenye grafu. Alivaa miwani akazikagua kimoja kimoja, akaweka kidole kwenye pembe ya grafu na kusema mstari ule aliuchora usiku wa manane. Ndipo nikaziachia zilizobaki. Rimu moja ilitosha nakala zote mbili.